Volti Tatu

Mimi ni mtoto wa fundi redio, na nilikuwa naogopa umeme. Cheka tu, ndugu msomaji, nimeshazoea.

Nilipokuwa na miaka 9 nilishika waya ulio wazi kibandani kwa Baba, Buguruni, nikarushwa hadi kwenye rundo la redio mbovu. Toka siku hiyo Baba akanipiga marufuku. "Umeme hauna mchezo, mwanangu. Kaa na vitabu vyako."

Basi nikakaa navyo. Nikawa mtu wa mashairi na wa kukata karatasi: maua, ndege, kadi za sikukuu. Mzee hakunilaumu hata siku moja, ila nilijua bisibisi zake hazina mrithi.

Halafu nikasoma habari za Jie Qi na Leah Buechley, kina dada wawili wa Marekani ambao mwaka 2010 walionyesha kitabu cha karatasi ambacho picha zake huinuka na kuwaka ukifungua kurasa. Karatasi na umeme? Nikasema, ngoja nijaribu.

Nilinunua taa ndogo nyekundu za LED na betri bapa ya CR2032, ile inayofanana na sarafu. Ina volti 3 tu, hairushi mtu. Nikakata vipande viwili vya jaribosi, nikavibandika kwenye kadi bila kugusana. Mguu mrefu wa taa upande wa chanya, mfupi upande wa hasi. Kona ya kadi nikaikunja ifunike betri, ili ukiibana njia ya umeme ikamilike. Mkono ulitetemeka. Nikabana. Jicho la ndege likawaka! Nilicheka peke yangu kama chizi.

Kadi zikanipa ujasiri wa kuhamia kwenye nguo. Mdogo wangu hutoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi daladala, na barabara yetu haina taa. Siku moja pikipiki ilimkosakosa. Nikachukua sweta lake na uzi wa chuma cha pua, ambao hupitisha umeme (bei yake ilinitoa jasho), nikashona mgongoni mistari miwili na taa tano kati yake: tatu nyekundu, mbili nyeupe, ili lipendeze.

Nyekundu zikawaka. Nyeupe, giza. Nikafumua, nikashona upya. Giza vilevile.

Baba alikuwa akinitazama tu. Kibanda ameshakifunga, wateja walipungua mpaka wakaisha. Akanyoosha mkono. "Lete."

Akavaa miwani, akaufuata mshono kwa kidole. "Nyekundu inaridhika na volti 2 hivi. Nyeupe inataka karibu 3. Ukizifunga pamoja kwenye betri moja, nyekundu inauvuta umeme chini, mwenzake anabaki na njaa. Weka rangi moja." Kisha akashika mkia wa uzi uliokuwa unaning'inia. "Na huu ukigusa mstari wa pili ni shoti. Kata."

Sikumuuliza kama umeme bado hauna mchezo. Alishakaa mkekani kando yangu, ananifundisha kile alichoninyima kwa kunipenda. Tulifumua wote, tukaweka nyekundu tano. Akanisisitizia mambo mawili: betri itolewe kabla ya kufua, na ifungwe vizuri, maana mtoto mdogo akiimeza ni hatari kubwa.

Kesho yake alfajiri tulisimama mlangoni tukizihesabu taa zile mgongoni kwa dogo: moja, mbili, tatu, nne, tano, mpaka akakata kona.

"Umekaza mafundo?" Baba akauliza.

"Nimekaza, Baba."

Jioni dogo alirudi taa moja imezimika. Nilipoingia ndani kutafuta sindano sikuikuta. Baba alikuwa nayo, ameshaitunga uzi.