Herufi Nyekundu za Kilwa

Kilwa yetu si ile ya pwani yenye magofu. Ni ile ya ukingoni mwa ziwa Mweru. Kuta zake zina lugha mbili, na kila lugha ina umbo lake. Kiswahili huandikwa kwa herufi za mviringo zenye kivuli cha buluu au cha njano: samaki, sabuni, mkate. Kifaransa husimama wima, herufi kubwa tupu, rangi nyekundu, bila pambo. Kimoja kinakaribisha, kingine kinakataza.

Baba alipofariki, ndugu zake walianza kuleta wanunuzi nyumbani kimyakimya. Mama akamwita mchora vibao aandike ukutani kwamba parsele haiuzwi. Alitaka Kiswahili, lugha anayoisoma. Mchoraji akatikisa kichwa: "Mama, mukiandika mu Kiswahili, bantu batawaza ni butiki." Akaandika CETTE PARCELLE N'EST PAS À VENDRE, kama tunavyoona kwenye kuta nyingi nchini Kongo. Nkambo, ambaye hajui kusoma, aliyatazama maandishi kutoka ng'ambo ya barabara, akasema, "Sasa bataogopa."

Darasani tunafundishwa kwamba hadhi ya lugha hutokana na sera, shule na serikali. Sikatai. Lakini nkambo hakusoma neno hata moja, alisoma umbo.

Na desturi hii si ya kuta peke yake. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya mji wa Lubumbashi kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Masimulizi ni ya Kiswahili, lakini jina lililowekwa juu ni la Kifaransa: Vocabulaire de la ville de Elisabethville. Miaka michache baadaye, 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alimsimulia Johannes Fabian historia ya nchi kwa Kiswahili, picha 101, huku mengi ya maandishi aliyoyaweka ndani ya picha hizo yakiwa ya Kifaransa. Walikuwa huru kuchagua, nadhani, kama mama alivyokuwa huru.

Ukuta wetu sasa unahitaji rangi mpya. Nimependekeza NYUMBA HII HAIUZWI, kwa nyekundu, herufi kubwa, bila kivuli. Mama hataki kujaribu. Shauri la urithi bado halijaisha. Ameniruhusu niandike kwenye ukuta wa nyuma, unaotazama shamba la mihogo.