Tembe za Usingizi na Macho ya Nyanya

Ikiwa una mzazi au nyanya mashambani, hebu jiulize ni lini ulipomwuliza mwisho kuhusu macho yake. Wengi wetu tunaoishi mjini huulizia magoti, presha na mvua. Macho hatuyataji, kwani tumezoea kuambiwa kwamba uzee na giza ni ndugu.

Kwetu Nyamira, habari za macho ya mzee hutangulia kusemwa na chai. Nyanya yangu, ambaye nyumbani tunamwita magokoro, amechuma chai tangu kabla mama hajaolewa, na kanuni aijua: majani mawili na chipukizi. Hata hivyo, mwaka jana kapu lake lilianza kurudishwa kituoni kwa kuwa limechanganyika na majani makuukuu. Majirani wakanong'ona kwamba amekuwa mvivu. Mwenyewe alisema kuna ukungu shambani usioondoka hata saa saba mchana. Usiku nao usingizi ulimpaa.

Binamu yangu anayeishi Minnesota, waliko Wakisii wengi, alituma kichupa cha melatonini. Alikuwa amesoma kwamba tembe hizo za usingizi hutibu pia macho ya wazee.

Habari hiyo ina chanzo. Melatonini ni homoni ambayo mwili hujitengenezea giza linapoingia, katika tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo. Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, aliitambua mwaka 1958 kutoka kwa tezi za ng'ombe. Hata retina, utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho, hutengeneza kiasi chake. Mwaka 2024, jarida la JAMA Ophthalmology lilichapisha uchunguzi wa rekodi za wagonjwa wa Marekani wenye miaka 50 na zaidi. Waliotumia melatonini walikuwa na uwezekano mdogo, kwa asilimia 58, wa kupata ugonjwa wa uzeeni unaochakaza sehemu ya katikati ya retina.

Je, tiba imepatikana? La, bado. Rekodi huonyesha mambo mawili yakiandamana. Hazithibitishi kwamba moja limezaa jingine. Huenda anayenunua tembe hizo ndiye pia anayejitunza kwa mengine.

Isitoshe, ugonjwa unaoongoza kwa kupofusha watu nchini Kenya ni mwingine: mtoto wa jicho. Hapa lenzi ya jicho huingia ukungu, na hakuna tembe wala matone yaliyothibitishwa kuuondoa. Dawa yake ni upasuaji. Jicho hutiwa ganzi, lenzi iliyochafuka hutolewa na ya plastiki hutiwa mahali pake. Aghalabu kazi hiyo haimalizi saa moja.

Ndivyo alivyoambiwa magokoro katika kliniki ya macho mjini Kisii. Alikataa. Alikuwa amesikia kwamba jicho hung'olewa, likaoshwa, kisha likarudishwa. "Mjukuu wangu," akaniuliza, "likipotea hilo moja, nitamtambuaje anayebisha mlango?" Ilituchukua wiki tatu na ushuhuda wa mzee mmoja wa kanisani aliyekwisha kufanyiwa. Bandeji ilipofunguliwa, alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe na wewe umeanza kuzeeka!"

Usingizi je? Mwanga uingiao machoni ndio huweka saa ya mwili, nayo saa hiyo ndiyo huiambia tezi wakati wa kumwaga melatonini. Lenzi yenye ukungu huzuia mwanga, hasa wa rangi ya buluu ambao saa hiyo huutegemea zaidi. Ndiyo maana baadhi ya wazee hulala vizuri zaidi baada ya upasuaji. Magokoro sasa hulala hadi alfajiri siku nyingi. Sitadai kwamba ni jicho pekee lililomrudishia usingizi.

Msomaji, usimnyweshe mzee tembe hizo kabla ya kumwuliza daktari. Zaweza kugongana na dawa za presha na zile za kuzuia damu kuganda. Mwaka 2017, uchunguzi wa aina 31 zilizouzwa Kanada ulionyesha kwamba kiasi kilichomo mara nyingi hakilingani na kilichoandikwa kwenye kichupa.

Tena kungoja kuna gharama. Mtoto wa jicho huweza kutolewa hata baada ya miaka, lakini glakoma hunyemelea bila maumivu, na uoni unaouchukua haurudi. Kwa macho matupu huwezi kujua mzee wako ana upi.

Utakapokwenda nyumbani, mketishe mahali penye mwanga. Mfunike jicho moja, kisha jingine, umwonyeshe vidole ukiwa hatua tatu mbele yake. Akikosea, nauli uliyotengea zawadi mpeleke nayo kwa daktari wa macho.