Kuchagua monita ya steshenari Morogoro

Hapa Ujerumani monita hununuliwa kwa kusoma. Unalinganisha vipimo ukiwa nyumbani na kuangalia lebo ya nishati, ambayo tangu Machi 2021 inaonyesha umeme unaotumika kwa kila saa 1,000, kisha unaagiza. Rangi zisipokuridhisha, sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa siku 14 za kurudisha ulichonunua mtandaoni, tena bila kueleza sababu.

Morogoro ni kinyume chake. Ukutani pamebandikwa "Mali ikishauzwa haitarudishwa", lakini muuzaji anakuchomekea monita pale pale, unaitazama, mnapatana bei. Kwa mtu anayejua cha kutazama, nafasi hiyo ina thamani kuliko kurasa kumi za vipimo.

Mdogo wangu ana steshenari mjini. Anachapa ripoti za wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, anajaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu, anapiga picha za pasipoti. Aliponiuliza anunue monita gani, nilianza kumtajia ninazozisoma huku. Akaniambia, "Kaka, mteja wangu hakai mbele ya kompyuta. Anasimama pembeni."

Kauli hiyo ndiyo iliyoamua aina ya kioo. Kioo cha TN ni cha bei nafuu na kimejaa kwenye monita za zamani za ofisini, lakini ukikitazama kutoka pembeni rangi zinapauka, na ukikitazama kutoka chini picha inageuka giza. Mteja aliyesimama kando atasahihisha jina lake kwa kubahatisha. Kioo cha VA kina weusi mzito. Tofauti yake kati ya weupe na weusi hufika 3,000 kwa 1, wakati IPS ya kawaida ni kama 1,000 kwa 1. Raha ya weusi huo unaipata kwenye filamu, chumbani usiku. Steshenari yenye mlango wazi unaoelekea milima ya Uluguru, mwanga wa mchana ukiingia hadi kaunta, haitaufaidi. IPS ndiyo inayobaki na rangi ileile mbele na pembeni, na ngozi ya mtu kwenye picha ya pasipoti haibadiliki kila mchapaji anaposogeza kiti. OLED ni nzuri sana, ila bei yake bado si ya steshenari, na maandishi yanayokaa mahali pamoja kutwa nzima yanaweza kuacha alama kwenye kioo.

Kuna mtego mmoja ambao huku sikuwahi kuukuta: TV ya inchi 32 kuuzwa kama monita. Ni kubwa na inavutia, lakini nyingi zina nukta 1366 kwa 768 tu, yaani kama nukta 49 kwa inchi. Monita ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina nukta 92 kwa inchi. Mtu anayesoma herufi ndogo za fomu kutwa nzima ataijua tofauti hiyo kabla jioni haijafika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni monita ya mtumba iliyotoka ofisini, inchi 24, IPS, hata kama utaifuata Kariakoo, Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, Dar ni mwendo wa takribani saa mbili. Dukani fungua ukurasa mweupe ujae kioo kizima, utafute vidoa na kona zilizofifia. Weka ukurasa mweusi, tafuta nukta zinazowaka. Kisha simama pembeni, uchutame, utazame kutoka chini. Soma namba ya modeli mgongoni na uitafute kwenye simu, maana maneno ya muuzaji kuhusu IPS si ushahidi. Angalia matundu ya waya pia: nyingi za ofisini zina VGA na DisplayPort bila HDMI. Ikiwa imekuja na plagi ya Ulaya, isikutishe, kwani waya wa umeme kwa kawaida unachomoka na kubadilishwa kwa bei ndogo.

Pesa itakayobaki inunue UPS, maana masika ya Morogoro huja na radi. Nanyi ndugu mlio ughaibuni, kabla hamjatuma monita au hela ya kuinunua, muulizeni kwanza anayeitumia: nani mwingine anakitazama kioo hicho, na anasimama wapi?