Bahari Kwenye Bedsita

Tangi langu ni la lita 100, na kwa wiki tano za kwanza halikuwa na samaki hata mmoja. Maji, mchanga, mawe, na chumvi gramu 35 kwa kila lita. Pesa ya makala matatu imo humo. Mathe alipokuja kunitembelea aliliangalia, akauliza, "Sasa hii ndiyo uliachia chuo?" Nilicheka. Alienda, swali likabaki kejani.

Kazi ya wiki hizo haionekani. Bakteria wanaota kwenye mawe. Wengine hugeuza amonia kuwa nitriti, wengine nitriti kuwa nitrati. Ukitia samaki kabla hawajatosha, amonia inamchoma matamvua. Anayekuuzia tangi na samaki siku moja, huyo anakuuzia maiti.

Sasa ninao wawili wa rangi ya chungwa, wa Pwani yetu. Wenzao wengi hupandishwa ndege kwenda ng'ambo. Tumbawe langu moja linataka nyuzi 25 hivi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, ya Pwani yalipauka, mengi yakafa. Kwa hivyo stima ikipotea siwazi chaji ya simu. Nawasha pampu ya betri, nafunika kioo na blanketi, nangoja.