Kengele ya Frere Town

Mimi nilizaliwa Shika Adabu, upande wa Likoni, kusini ya kisiwa cha Mombasa. Jina la mtaa wetu ni amri kwa kila apitaye. Walakini nilitimiza umri wa miaka kumi na mitatu kabla sijaishika amri hiyo, na siku niliyofunzwa nilikuwa mbali na kwetu.

Siku moja mwenzangu wa darasani, ambaye jamaa zake ni wenyeji wa Frere Town huko Kisauni, alinishinda katika mpira. Nami nikataka kumshinda kwa maneno. Nikamwambia mbele ya wenzetu, "Nenda zako, mtumwa wewe!" Hakunijibu. Aliokota mkoba wake akaenda. Neno lile nilikuwa nimelisikia kwa watu wazima, nikalitumia bila kulipima.

Habari zikamfikia baba. Hakunipiga. Jumamosi alinichukua, tukavuka kwa feri, tukapita mjini, kisha tukavuka daraja la Nyali hata tukafika Kengeleni. Hapo, kando ya barabara yenye magari mengi, pana mnara mdogo wenye kengele. Jina la Kengeleni nilikuwa nikilisikia tangu utotoni, wala sikupata kujiuliza ni kengele gani.

Baba akanisimulia. Mwaka 1872 Sir Bartle Frere alitumwa na Uingereza kwenda Unguja kushindania jambo la watumwa, na mwaka 1873 Sayyid Barghash akatia sahihi mkataba wa kukataza wasiuzwe masokoni wala kusafirishwa baharini. Hata hivyo biashara haikukoma mara moja. Majahazi yaliendelea kuwavusha watu kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zikiyakamata. Waliookolewa walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Wengi walikuwa watoto, hawana njia ya kurudi makwao. Basi mwaka 1875 misheni ya CMS ikawajengea kijiji hiki, kikaitwa kwa jina la Frere. Kengele ilipigwa kuwaonya wanakijiji hatari ilipokaribia, kwa maana wako waliotaka kuwarudisha utumwani.

Walikuwapo pia Waafrika waliookolewa zamani zaidi, wakalelewa Nasik huko Bara Hindi, nao walikuja na elimu na ufundi wao. Watu hao wote hawakuwa na lugha moja ya mama, Kiswahili kikawaunganisha. Baadaye mwana wa mmoja wa waliookolewa, James Juma Mbotela, akaandika masaibu ya wazee wake katika kitabu kiitwacho *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934.

Baba aliponyamaza, aliniuliza, "Wewe walijua jina la babu wa babu yangu?"

Nikainama. Sikulijua.

"Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa," akasema. "Hawa walinyang'anywa asili yao kwa nguvu, wakaikumbuka, wakaiandika, na kengele yao wameitunza. Wewe hukunyang'anywa kitu, nawe hujui. Sasa niambie, kwa kipimo cha methali hiyo, mtumwa ni nani?"

Njia nzima ya kurudi sikusema neno. Jumatatu nilimwomba radhi mwenzangu mbele ya wale wale walionisikia nikimtukana. Alinitazama kitambo, kisha akauliza, "Kengele uliiona?" Nikasema niliiona. "Haya, twende uwanjani," akasema, na siku hiyo pia akanishinda.

Hata leo, utingo wa matatu akiita "Kengeleni!" abiria hushuka wakaenda zao, na magari huupita mnara ule kama jiwe la kawaida. Siwalaumu, kwa kuwa hata mimi nilikuwa hivyo. Lakini wewe msomaji, mtaa wako nao una jina. Waulize wazee maana yake wakingali hai, kabla hujalitukana la mwenzako.