Pesa ya Maji

Ukishuka mathree pale Kawangware 46 jioni, kabla hujafika kwa nyumba utakuwa umetoa pesa mara tatu: sukuma, unga, na mtu. Bei ya sukuma na unga unaijua. Ya mtu ndiyo hujui. Anaweza kuwa binamu amekwama Vihiga, au kundi la WhatsApp la matanga ya jirani, au dada wa kazini ambaye bado unamdai na hana aibu ya kukuomba tena. Na kwa sababu pesa iko kwa simu, na simu iko mkononi, huna pa kujificha. Nimekulia Kabiro na sijawahi kuona mtu akisema "sina" akaaminiwa mara ya kwanza.

Kwa hivyo chama chetu kilipoanza kusema Dubai, mimi sikuogopa ndege wala visa. Niliogopa M-Pesa yangu.

Chama kina watu 12, tuliosafiri tulikuwa wanne. Tikiti, visa na hoteli tulimlipa ajenti pole pole, mwaka mzima na zaidi. Pesa ya matumizi kila mtu alijipanga. Yangu ya kwanza ilifika 41,000, na ikaisha Desemba 2023 bila mimi kununua hata ndala. Mazishi, karo, mtoto wa dada yangu. Zingine zilimezwa na Fuliza, si unajua vile inafanya, pesa ikiingia inakatwa kabla hujaisalimia. Januari zamu yangu ya kupokea kwa chama ikafika, 66,000, na nikaapa kwamba hizi hazitalala kwa simu hata usiku mmoja.

Tulikuwa tumebishana sana kuhusu namna ya kubeba. Mweka hazina wetu alitaka kadi ya benki, kwa sababu kadi ikiibwa unaifunga. Mwenyekiti alisema atatumia ile kadi ya M-Pesa isiyoshikika, GlobalPay, ambayo Safaricom na Visa walileta mwaka wa 2022: namba tu ndani ya simu, na pesa inatoka moja kwa moja kwa M-Pesa. Mimi nilisema dola taslimu. Niliwapa sababu za maana, makato, mtandao kupotea, mashine kukataa. Sababu ya kweli sikuisema. Noti ya dola 100 haiwezi kutumwa Vihiga saa nne usiku.

Nilinunua dola 400 mwisho wa Januari 2024, kwa bei ya 162. Hiyo ni 64,800. Jamaa wa kaunta alinichagulia noti mpya mpya, akaniambia zile za zamani zenye kichwa kidogo nitazunguka nazo hadi nichoke, na kwamba zile ndogo za 5 na 1 hupewa bei ya chini kuliko za 100. Nikazikunja nne ndani ya soksi, soksi ndani ya begi, begi chini ya kitanda. Nilijiona mjanja.

Februari serikali ikachukua Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5 ili ianze kulipa ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Watu waliokuwa wameficha dola wakiogopa nchi itashindwa kulipa wakaanza kuziachilia, na shilingi ikapanda kama imepigwa sindano. Mimi pia nilikuwa mficha dola, na noti zangu nne, mhujumu uchumi wa Kawangware. Kila asubuhi niliangalia bei vile wengine huangalia matokeo ya Arsenal. Kufikia wiki ya Pasaka, tulipopanda ndege, dola ilikuwa karibu 132. Elfu 12 zangu zilikuwa zimeyeyuka chini ya kitanda bila kuombwa na mtu yeyote. Kodi ya miezi mitatu.

Lakini kabla ya ndege kuna jambo moja lazima niliseme. Siku ya kuondoka nilipitia kwa mama. Anauza omena na nyanya, na hajawahi kuamini pahali pengine pa pesa isipokuwa kibindo cha leso yake. Aliniuliza, "Na uko na ya kutumia huko?" Nikasema safari yote imelipwa, chakula na kila kitu, mimi mwenyewe sina. Nilisema haraka, kwa mazoea, vile ninavyomwambia kila mtu. Akafungua leso. Akahesabu 2,000, noti laini za mia na mia mbili zenye harufu ya soko, akazikunja vidogo. "Ya maji njiani." Nilizichukua. Kuzikataa kungekuwa kusema niko nazo.

Dubai ilikuwa Ramadhani. Mchana mji ulikuwa mpole, usiku Deira ikafurika watu hadi saa nane. Kuhusu pesa nilijifunza haraka. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725, kwa hivyo ukiwa na dola bei haikutishi tena. Kinachokula ni duka unalobadilishia. Kaunta ya uwanja wa ndege ilinipa 3.45. Deira, dakika ishirini mbele, 3.66. Kadi ya Nol ya metro ni dirhamu 25, na 19 ziko ndani za kusafiria. Mashua za abra zinazovusha watu hori la Deira ni dirhamu 1, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa Dubai tamu kuliko zile ghorofa.

Mweka hazina alilipa na kadi mkahawani, mashine ikamuuliza, shilingi au dirhamu? Akabonyeza shilingi, kwa sababu ndiyo anaijua. Ukibonyeza hivyo, bei anaipanga mwenye mashine, na hakuwa na huruma. Mwenyekiti naye alikata tikiti zetu za Burj Khalifa mtandaoni bila shida, lakini sokoni, kwa wauza vitambaa na viungo, kadi yake isiyoshikika ilikuwa kama hadithi. Mimi nilikuwa nalipa noti na kupewa chenji, nikiwacheka wote wawili.

Usiku wa tatu mama akapiga simu. Ndugu yangu mdogo alikuwa amegongwa na boda karibu na 56. Mguu. Hospitali ilitaka 15,000 kwanza. Alikuwa na 6,000. Aliongea kwa utulivu ambao nauogopa, na kabla sijajibu akasema, "Sikupigii nikuombe, mami. Najua huna. Nimekupigia tu ujue."

Simu yangu ilikuwa na shilingi 340. Makusudi.

Nilitoka mbio hadi duka la kubadilisha pesa lililokuwa bado wazi, na dirhamu zangu zikiwa kwa ngumi. Wakataka kitambulisho cha mkazi. Nikaonyesha pasipoti, jamaa akatingisha kichwa. Nilisimama pale barabarani, watu wakinipita na mifuko ya sikukuu, na pesa ambayo nilihakikisha haiwezi kufika nyumbani ikakataa kufika nyumbani.

Ni mwenyekiti aliyeniokoa, tena bila maneno mengi. Pesa yake yote ilikuwa M-Pesa, wazi, kila mtu wa ukoo wake akiijua na akiiomba. Hata siku hiyo alikuwa ametuma elfu moja kwa mjomba fulani. Laini yake ilikuwa inashika huko. "Unahitaji ngapi?" Tisa. Akatuma 9,000 kwa mama, akaongeza ya kutolea. Nami nikamhesabia dirhamu 250 juu ya kitanda cha hoteli, noti zilizonuka soksi. Akafurahi kwa kweli, kwa sababu kesho yake alitaka kitambaa sokoni.

Baada ya dakika tano mama akapiga. "Nani huyu amenitumia pesa? Jina silijui."

Ningeweza kumwambia. Nilisema, "Ni chama, mum. Wamekuchangia."

"Mungu awabariki hao wasichana," akasema, akaanza kuwaombea mmoja mmoja, na alipofika kwangu akaniombea nami nipate ya kwangu.

Ndugu yangu aliwekwa plasta. Alipona, na sasa anatembea kwa mikogo. Nilirudi na zawadi ndogo ndogo: tende, shali la mama, zafarani ambayo hakuna mtu nyumbani anajua kuipika. Mama alijifunga shali hapo hapo, juu ya leso, akanimiminia chai.

"Na ile pesa ya maji," akauliza, "ilitosha?"

Nikasema ilitosha. Zilikuwa kwa mkoba, ndani ya pasipoti, bado zimekunjwa vile alivyozikunja.