Kutoka Ubaoni hadi Kwenye Kamera

Nilipoanza kusaka kazi ya usanidi wa programu Dar es Salaam, usaili ulikuwa ubaoni. Unakabidhiwa kalamu ya wino, unaandika msimbo kwa mkono mbele ya watu watatu waliokunja mikono. Yalikuwepo na mafumbo yaliyoigwa Marekani: ndege inajaa mipira mingapi ya gofu? Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyesimamia ajira Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo ya namna hiyo ni kupoteza muda tu. Huku kwetu tuliendelea kuhesabu mipira.

Korona ilipoingia 2020, tukahamia mtandaoni. Ukaweza kusailiwa na timu ya San Francisco bila kuomba viza, ila saa nne yao ya asubuhi, wakiwa kwenye kiangazi, ni saa mbili yetu ya usiku. Wao wametoka kunywa kahawa, wewe umetoka kwenye daladala. Umeme ukikatika, mfumo unaandika kwamba umejitoa.

Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na Microsoft walichapisha jaribio lao: wanafunzi 48 walipewa swali la kusanidi, wengine wakitazamwa, wengine wakiwa peke yao chumbani. Kule kutazamwa tu kulishusha ufanisi kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa walishindwa wote. Walioachwa peke yao wakafaulu wote. Kundi ni dogo, nakubali, lakini nilikumbuka wangapi niliowaona wakiganda pale ubaoni.

Siku hizi nami ni msaili. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, waajiri wengi wamepatwa na kiwewe: programu zinafuatilia macho, mtu anaamriwa azungushe kamera chumba kizima. Anayeishi chumba kimoja na wadogo zake ataacha vipi kugeuka mlango ukifunguliwa?

Sisi tunamtumia msailiwa programu ndogo yenye hitilafu siku moja kabla ya usaili. Aisome kwa wakati wake, atumie akili mnemba akitaka. Kesho yake tunamuuliza: kwa nini umegusa mstari huu ukauacha ule? Aliyenakili hujulikana mapema. Maswali ni yaleyale kwa wote, na kila msaili huandika alama zake kabla hatujajadiliana.

Kinachotusumbua bado ni Kiingereza. Wapo wanaoichambua hitilafu vizuri kwa Kiswahili, halafu wanakwama mteja wa Ulaya akiomba rekodi ya usaili. Kwa sasa tunawaacha waeleze kwa Kiswahili, na tafsiri tunaiandika wenyewe.